Walarasi Asiye na Barafu

Bi Zuwena, fundi wangu,

Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike, na leo ndiyo nimepata moyo wa kukwandikia. Nnaandika humu karakanani Wattaya. Nguo yako ya kazi bado ipo msumarini. Sikuifua.

Nnataka ulisikie kwangu mwenyewe: yule walarasi nimemharibu.

Unakumbuka? Mwenye duka kubwa alitaka sanamu ya walarasi, yule mnyama wa bahari za baridi mwenye meno marefu kama pembe za ndovu, watoto wapige naye picha. Nje joto la Maskati linaunguza, ndani tunajenga barafu. Wiki nzima ulikaa na vitabu kabla ya kugusa udongo. Ukanambia, "Salma, mnyama bila pahala pake ni mto wa kuegemea tu." Nikacheka. Ndipo ukanifundisha: kwao kaskazini ya mbali, bahari isiyo na kina kirefu. Hupumzika juu ya barafu inayoelea, na hapo mama humnyonyesha mwanawe. Kisha huzamia hadi kwenye matope, akawapapasa chaza kwa masharubu. Barafu ikiyayuka, hujazana ufukweni. Wakishtuka hukanyagana, na watoto ndio wanaokufa.

Ukawafinyanga chaza mmoja mmoja, na kikohozi kile. Nikikwambia upumzike, unanijibu, "Atakula nini?"

Ulipolazwa, mwenye duka alikuja. Akasema kitako ulichoijengea sanamu kirefu mno, barafu na matope vikatwe, na pembeni tumwekee pengwini. Nikamwambia pengwini wa kusini, hawajapata kuonana hawa. "Nani atajua?" akasema. Nami, Bi Zuwena... nikachukua msumeno. Niliogopa kazi isitutoke.

Jioni nikaja hospitali. Ukaniuliza, "Rangi ya barafu imekauka?" Nikasema imekauka. Ndilo neno la mwisho ulilolisikia kwangu. Alfajiri wakanipigia simu.

Yupo pale dukani sasa, juu ya marumaru matupu. Juzi mtoto mmoja alimuuliza babake, huyu analala wapi? Baba akatizama huku na huku, hakuona cha kumwonyesha. Nilikuwa nyuma yao.

Jana nikamwomba mwenye duka anipe nimtengeneze upya. Kakataa. Nikamwomba basi aondoe jina la karakana yetu. Hilo kalikubali upesi. Kibao nilikibandua mwenyewe.

Lala, fundi wangu. Mungu akupanulie kaburi lako, na mimi anisamehe. Siwezi kukuahidi kumrudisha yule. Si wetu tena. Nnakuahidi hili tu: mnyama mwengine hatatoka mikononi mwangu kabla sijamjengea kwao.

Mwanafunzi wako,
Salma