Fyuzi ya Koboko Iko Mezani Kwangu

Jumapili, Pajulu, nje kidogo ya Arua. Joto la mchana halijapoa na mawingu yanajikusanya upande wa kaskazini. Siku nyingine ningefurahi, maana mihogo yangu imenyauka. Leo naomba mvua isinyeshe.

Nimetoka Koboko, nyumbani kwa dada yangu Hadija, alikokuwa akiishi na Mama na binti zake. Tulimzika wiki iliyopita. Alifungua friji yake ya kuuzia maji na juisi akiwa miguu mitupu, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki, umeme ukamshika. Tangu hapo kila mtu ana lake: huyu anasema kijicho, yule anasema siku zilifika. Sawa, siku zilifika, sibishani na Mungu. Lakini mimi ni fundi umeme. Nyaya za nyumba ile nilizitandaza kwa mikono yangu na nikazipima zote kabla umeme haujawashwa. Nilitaka kujua.

Nilitaka pia, Mungu anisamehe, kosa lisiwe langu.

Basi leo nikabeba vipimo vyangu. Nikazima swichi kubwa, nikahakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, nikaanza na friji. Mota imeungua ndani na umeme ulikuwa unavuja hadi kwenye bati lake la nje. Hilo peke yake halikupaswa kumuua mtu. Kila nyumba ninayoifunga ina nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na waya wa kijani na manjano unaotoka kwenye nondo hadi ndani. Umeme ukivuja unapita huko unaingia ardhini, fyuzi inaungua, na mtu anabaki na hasira tu ya kukosa juisi baridi.

Nondo nikaipima, nzima. Nikapima ule waya. Umeme mdogo wa mita uliingia upande mmoja, upande wa pili haukutokea. Nikaufuata kwa vidole kwenye ukuta wa nje mpaka nyuma ya pipa la maji.

Umekatwa.

Si panya, ni kisu. Na ncha zote mbili zimefungwa kitambaa vizuri, zisije zikamchoma mtoto. Kitambaa nilikitambua. Ni kipande cha leso ya Mama, ile ya maua ya zambarau aliyoivaa mpaka ikachanika.

Mama akanikuta nimechuchumaa pale.

"Zaituni, hiyo ni mimi nilikata," akasema, bila kuficha chochote. "Jirani alisema hiyo waya inaita radi. Mvua ilikuwa inakuja, na watoto ya dada yako iko ndani. Niliogopa." Akaitazama mita mkononi mwangu. "Iko na shida?"

Miaka yote hii naiuliza mita na haijawahi kunidanganya. Mimi nikamwambia mama yangu: "Hapana, Mama. Friji tu ndiyo iliharibika."

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda kuchemsha chai. Nililia nyuma ya pipa. Aliponisikia alidhani namlilia Hadija, naye akaanza kulia jikoni.

Nikauunga waya, nikaupima tena, safari hii umeme wa mita ukapita. Lakini faida yake nini? Ngurumo ya kwanza tu atachukua kisu, kwa mapenzi yaleyale. Na binti za Hadija wanapiga pasi sare zao za shule na mikono yenye maji. Kusema nimeshindwa, kunyamaza nimeshindwa, nikafanya la tatu: nikang'oa fyuzi kubwa nikaitia mfukoni. Nikamwambia kazi haijaisha, watumie taa ya sola kwanza. Hakuuliza kwa nini. Ananiamini, mimi ndiye fundi wake, na anawaambia hivyo majirani wote.

Sasa fyuzi yao iko hapa mezani kwangu, kando ya kikombe. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Lakini njia nzima kutoka Koboko mpaka Arua nimetafuta namna ya kumwambia mama aliyemzika mwanawe kwamba kisu kilikuwa chake. Sijaipata. Namwonea huruma.

Nilikuwa nimeishia hapo, simu ikaita. Mama.

"Zaituni, mvua imefika huku. Radi iko karibu sana. Ile waya umerudisha, si ndiyo? Nikate?"

"Usikate, Mama!" Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele.

Nilisikia mvua ikipiga mabati yao, na wasichana wakiongea nyuma yake. Nikasema nitakuja kesho, kuna jambo la kumweleza. Mama yangu hakusoma sana, lakini si mjinga.

"Basi kuja," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo sikuijua. "Lakini usiniambie kwa simu."

Nitapanda gari la kwanza asubuhi.