Kazi Yangu ni Kushika

Shoga, upo? Acha unachofanya, nisomee hapa.

Kikao kimeisha sasa hivi. Kile cha kuelezana nani afanye nini wodini. Metroni kabandika karatasi ukutani, chumba cha chai. Mmoja dawa. Mwingine kusikiliza wagonjwa na kuandika faili. Mimi neno moja tu: kushika.

Kushika.

Nikauliza, kushika nini, metroni? Akasema, "Wakichachamaa, mama. Wewe Mungu kakujalia mwili."

Watu wakacheka. Hata yule binti wa dawa kacheka, na sindano nilimfundisha mimi.

Miaka mitatu mimi na wewe darasani tunasomea uuguzi wa akili, kumbe mwenzio nilikuwa nasomea ubaunsa.

Eti majukumu lazima yaeleweke. Yameeleweka. Mlango ulikuwa wazi, wodi nzima imesikia.

Unamkumbuka mwalimu, yule mgonjwa wangu aliyemaliza wiki tano hajatamka neno? Nikawa nakaa naye kila asubuhi, nasema peke yangu kama chizi, mpaka juzi akafungua mdomo akaniomba kitana.

Basi nimetoka kikaoni, nimejikaza, nimempelekea kitana chake.

Hakukipokea. Alikitazama, akanitazama mimi, halafu akaninyooshea mikono yote miwili, kaibananisha kama mtu anayesubiri kamba.

Akasema taratibu, "Nishike tu, sista. Sitaleta fujo."