Wote Wamevunja, Kasoro Mmoja

Jumatatu, 8 Septemba

Mhandisi kavunja miadi. Nabila kashavaa, kashapaka mafuta, viatu miguuni — ndipo simu inalia. Eti mke wake kafika kutoka Jinja bila kumwambia. Bila kumwambia! Mke arudi nyumbani kwake aombe ruhusa?

Nabila kakaa kitandani na viatu vyake. Nikamwambia vua, njoo ule, mkate wa kisra bado wa moto. Akala. Akamtukana Mhandisi na ukoo wake, kisha akacheka. Huyo ndiye mwanangu.

Watu wanadhani kazi ya kutoka na wanaume kwa malipo ni mwanamume akija. Wapi! Mimi niliifanya tangu nina meno yote, na ninasema kazi yenyewe ni mwanamume asipokuja. Sheria zote za nyumba hii zimezaliwa hapo. Hatoki mtu mlangoni kabla nauli ya boda haijaingia kwenye simu. Hasuki mtu nywele kwa ajili ya mteja mmoja, zinasukwa Ijumaa kwa wiki nzima. Na ukishafika, mteja akisema si hapa tena, njoo kule kwa rafiki yangu — hiyo miadi imekufa, panda boda urudi. Hakuna mtu aliyenifundisha haya kwa ubao na chaki. Kila sheria hapa ina sura ya mwanamume aliyevunja.

Sisi lakini hatuvunji. Tukisema saa nane ni saa nane, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo maana mabwana wa maofisini wanapeana namba yangu kama wanapeana namba ya fundi mzuri. Naringa. Acha niringe.

Jumatano, 10 Septemba

Nabila kaniletea mambo ya kisasa. Huko mahotelini, anasema, wenzake wanachukua malipo yote kabla. "Mtu akikansela, Habuba, shauri yake, sisi tumeshakula." Habuba ni mimi, bibi kwa Kinubi. Aol, mwenzake wa kazi humu ndani, akasikiliza tu, anakata vitunguu.

Nimekataa. Mwanamume akilipa yote mbele, anadhani kanunua mpaka mlango wa kutokea. Hasikii tena "hapana." Nauli, basi. Hiyo nyingine anampa mwanamke mkononi, akiwa bado mtu mwenye adabu.

"Habuba ana akili ya serikali," Aol akasema.

"Serikali gani?" nikamuuliza. "Mimi nalipa madeni yangu."

Tulicheka mpaka fundi wa gereji ya nyuma akagonga ukuta. Na yeye anagonga mabati kutwa nzima!

Shule sijaingia hata kwa kuomba maji. Herufi nilijifunza kwenye meseji za wateja. Nilikuwa namwomba mmoja mmoja anisomee, mpaka nikachoka kusomewa siri zangu. Sasa naandika mwenyewe. Wateja wanaandika kama wanaagiza tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi tunavyosuka sisi Wanubi. "Mama, tabaga ya saa nane ipo?" Ipo. Akivunja, "Sihitaji tena." Tabaga za kweli pia zipo, zimejaa ukutani, na zinanunuliwa. Sidanganyi mtu sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala, mama mmoja wa mtaa huu, jina nalihifadhi kwa heshima ya marehemu mume wake, kaniuliza mbele ya watu: mabinti wako hawajaolewa bado?

Nikamwambia: wanakula, wanalipa kodi, hakuna anayewapiga. Wa kwako je?

Akageuka kutafuta viatu vyake. Nikavaa ndala zangu nikaondoka polepole. Goti linauma lakini leo lilitembea vizuri.

Jumapili, 14 Septemba

Aol alikwenda Mbuya kwa baba yake. Mzee ni sajini mstaafu, anamlea mtoto wa Aol, anachojua ni kwamba bintiye anauza tabaga na mimi Kisenyi. Aol ana miaka thelathini na nne lakini mbele ya baba yake anakaa magoti pamoja kama msichana wa kipaimara.

Karudi, kaenda moja kwa moja kuosha vyombo. Nikamwachia. Baadaye akasema mwenyewe. Jioni walikuwa wanatazama habari, mzee hakosi habari hata siku moja. Wakaonyesha operesheni, askari wameingia gesti fulani, wanawake wanapandishwa gari, wamejifunika nyuso kwa viatu, kwa mikoba, kwa mikono mitupu. Kamera inawafuata mpaka ndani ya gari. Mtoto anauliza babu, wameiba nini? Na mzee akasema, "Hao nao wana baba."

Aol alinieleza akicheka. Kisha hakucheka.

Nikamshika kichwa. Nikamwambia hivi: tangu nishike simu hii hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyelala seli, na hakuna uso wa nyumba hii uliokwenda kwenye runinga. Seli utatoka. Kamera hutoki.

"Najua, Habuba."

Ajue. Mimi ndiye napaswa kujua zaidi.

Jumanne, 16 Septemba

Mteja mpya. Anajiita Swaib. Sauti nzuri, anasalimia kwanza, anauliza hali. Anamtaka Aol, Alhamisi saa nane mchana, gesti moja kule Ggaba karibu na soko la samaki. Nauli imeingia kabla sijamaliza kutaja kiasi — mara mbili! Nikamwambia umezidisha. Akasema ya pili ni ya kurudi, Mama, asihangaike.

Ya kurudi! Miaka yote hii hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamke huwa anarudi.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika, maana nikikaa bure nitauma vidole.

Asubuhi daktari wa meno kavunja. Sawa. Kisha Mhandisi. Huyo tena! Kisha yule mfanyabiashara Mkenya, ambaye hajawahi kuvunja hata alipokuwa na malaria. Kisha mzee wangu wa kila Alhamisi: "Leo hapana mama." Hakuandika hata tabaga.

Nabila kasema ni ada. Shule zimefunguliwa wiki hii, Habuba, wanaume hawana kitu mfukoni, wamebaki na risiti tu. Ina maana. Nilitaka kuikubali.

Lakini mmoja hajavunja. Swaib. "Ipo, Mama?" Ipo. Baada ya kitambo, "Yuko njiani?" Yuko njiani. Na kweli alikuwa njiani, Aol kashaondoka na Bonny wa boda, gauni la kijani, kapendeza kama bibi harusi.

Hapo ndipo nikakumbuka.

Zamani zetu simu hakuna. Mwanamume akivunja, ni kiti kitupu tu. Na siku moja baa yetu karibu na reli ilikuwa viti vitupu vyote, akabaki bwana mmoja pembeni, mpole, anatununulia soda. Rafiki yangu Adong akaenda kukaa naye. Bwana yule ndiye aliyekuwa askari, na Adong akalala seli. Wale wengine wote walijua. Mmoja ana shemeji polisi, mwingine anakunywa na mtu anayejua. Hawakuja kutuambia, wana aibu — walikaa makwao tu. Mpaka leo ni hivyo. Hawawezi kukuonya. Wanavunja.

Nikapiga simu ya Aol. Haipokelewi. Ya Bonny, upepo na honi tu, kisha imekatika. Nabila akaniambia, "Habuba, ukimrudisha tumevunja sisi. Na kama ni mtu mzuri?" Nikamwambia akiwa mzuri atanisamehe, akiwa si mzuri sihitaji msamaha wake. Nikapiga tena. Tena.

Nikavaa baibui niende mwenyewe. Goti hili na barabara ya Ggaba!

Nipo mlangoni, simu inalia. Aol. Nyuma yake kelele za soko, watu wanataja bei za sato.

"Habuba, usinigombeze. Nimevunja."

"Umevunja nini?"

"Miadi. Sikuingia."

Nikashika mlango. Anasema alifika mpaka getini. Geti liko wazi lote, pande mbili. Kiti cha mlinzi kipo, redio ya mlinzi inaimba, mlinzi hayupo. Hapakuwa na kingine. Hakuona askari, hakuona kamera. Akamwambia Bonny pita, usisimame. Wakapita mpaka sokoni. Akamwandikia Swaib kwa simu yake mwenyewe: geti halina mlinzi, tabaga imekwisha.

Mpaka pale getini simu zangu hakuwa ameziona hata moja! Hakujua kwamba wengine wamevunja. Kaona kiti kitupu, basi.

"Utanigombeza?"

Nilikuwa nalia lakini hakusikia. Nikamwambia nyumba hii haijawahi kuvunja, na leo imevunja, na iliyovunja ni Aol binti wa sajini, na mtu akitaka kuniuliza aje aniulize mimi. Nabila kando yangu anapiga vigelegele, majirani wanadhani tumepata mchumba.

Nikamrudishia Swaib nauli zote mbili. Nilidhani yamekwisha. Nikakaa kuandika haya.

Sasa hivi kaandika. Kwangu na kwa Aol pamoja. Hakutukana. Anasema: "Mama, mlinzi alikwenda kununua barafu, nilimtuma mimi. Nimenunua keki. Leo natimiza miaka hamsini na sina mtu wa kukata naye. Bado nasubiri."

Nimeisoma mara mbili. Nabila kaisoma kwa sauti. Inaweza kuwa kweli. Wapo wanaume wa hivyo, nimewakatia keki mwenyewe. Na anayetaka umfuate ndani ataandika nini kama si keki?

Aol kapiga. Simu nimeiweka mkekani, sauti juu, kalamu mkononi.

"Umeiona, Habuba?"

Nimeiona.

"Niende?"

Nina neno mdomoni, limenijaa mpaka kwenye meno. Nimelibana. Mimi niko Kisenyi, nimekaa kwenye mkeka. Nimemwambia: wewe ndiye uliyefika getini, mwanangu. Sema wewe.

Nabila kanishika bega, ananiminya, anataka niseme. Sisemi. Wauza samaki wanapiga kelele. Namsikia Bonny anauliza, "Tunaelekea wapi, dada?" — na pikipiki imeshawashwa.