Nilichomficha Bi Rukia

Ndau, Jumanne. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, moyo mzito.

Leo nimeuzima mtambo wa maji.

Mimi ndiye ninayeuendesha. Unavuta maji ya chumvichumvi kutoka kisimani, unayachuja kwa umeme wa jua, tunapata ya kunywa. Zamani tulingoja mvua ijaze majabia, yale matangi ya kuhifadhia maji yake. Ukame uliopita nilimwogesha mwanangu mchanga kwa kikombe kimoja. Naupenda mtambo huu, sifichi.

Lakini mtambo hutoa pia maji mengine, yenye chumvi kali zaidi, yanayopelekwa baharini kwa bomba. Bomba lilipasuka nyuma ya ua wa jirani yangu, Bi Rukia, maji yakawa yanazama mchangani. Niliona. Kulitengeneza kungesimamisha kazi, na watu walikuwa wananisifu.

Nikanyamaza.

Jana Bi Rukia alinijia na dumu. "Mai ya kisima changu yameharibika," alisema. "Bamia zangu zote zimekauka. Sijui nimemkosea nini Mwenyezi Mungu."

Mjane wa watu, anajilaumu mwenyewe! Nikamjazia dumu, macho chini.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda kwake nikamwambia yote.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani, Bi."

Aliingia ndani, akafunga mlango.

Nilirudi nikazima mtambo, nikawaeleza wanawake waliokuwa foleni kwa nini. Walinijia juu. Fundi wa kuziba bomba hafiki mpaka Alhamisi, watapikia maji gani?

Alasiri Bi Rukia akatokea, ndoo mkononi.

"Nani amekwambia uzime? Watoto wanwe nini? Washa. Hayo ya chumvi tuyakinge hapa hapa, tukayamwage pwani wenyewe."

Nikamshika mkono nimwombe radhi. Akauondoa.

"Sijakusamehe bado. Washa."

Basi tukafanya hivyo. Kila aliyejaza dumu la maji matamu alibeba ndoo ya chumvi hadi pwani. Hata waliokuwa wakinifokea walibeba. Mimi nilikwenda mara kumi na mbili, mabega yanawaka.

Kisima chake kitahitaji mvua ngapi mpaka kipone? Sijui, na hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi, kabla sijamfungulia mtu yeyote bomba, nitampelekea Bi Rukia maji yake mlangoni. Asiponifungulia, nitayaacha hapo kizingitini, na keshokutwa nitayapeleka tena.