Chembe Nyeusi Ndani ya Unga Wako

Mwalimu Yusufu,

Huko uliko barua haifiki, najua, lakini nisipoandika nitakuja kugombana na kaburi.

Wiki iliyopita mkeo alifika hapa Muyinga na ile chupa yako ya unga wa kijani. Shule yako ya Gitega inataka kuipa maabara jina lako, nami nimeombwa nieleze ugunduzi wako: molekuli ya shaba na gadolini, ile metali adimu, inayorukia sumaku hata mchana wa jua kali. Nilifurahi. Kisha nikaanza kushuku. Molekuli za aina hiyo huonyesha nguvu zake kwenye baridi kali mno. Kwenye joto letu huvutwa kidogo tu. Si wewe uliyenifundisha?

Nikayeyusha unga kidogo kwenye spiriti, nikachuja. Kwenye karatasi zikabaki chembe nyeusi, na ndizo zilizorukia sumaku. Ule ukijani uliopita kwenye karatasi ulipokauka, unga wake haukutikisika. Chuma, Mwalimu. Vumbi la tupa, lile la kunolea vyuma.

Nilimshuku kila mtu. Hata mkeo, Mungu anisamehe, mpaka aliponiambia, "Alikuaga anakaushia dawa zake kwa Saidi, pale wananoaga majembe." Kwa mdogo wako, kule Nyamugari! Nikapumua. Kumbe ni bahati mbaya.

Lakini moyo ulikataa kutulia. Nikakumbuka siku niliposogeza sumaku kwenye chupa ile, ukaninyang'anya. "We, acha! Utaharibisha kazi." Sumaku haiharibu unga, Mwalimu; ingezitenga tu zile chembe nyeusi. Ulijua. Tangu lini? Na mbona hukuniambia hata mimi?

Niliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, wengine walikigeuzageuza cheti changu kama noti bandia. Wewe hukukiangalia hata. Ulinipa koti la maabara, ukasema, "Ingia, mama, kazi iko mingi." Kwa hilo nakupenda mpaka leo, na ndiyo maana nimelia kwa hasira.

Jumamosi, kwenye sherehe ya kuipa maabara jina, nitasimama mbele ya wanao na wanafunzi wako, niseme kweli yote. Huenda mkeo asinisalimie tena. Molekuli yako nitaitengeneza upya, kwa mikono safi, na nikishindwa nitaandika kwamba nimeshindwa. Hiyo ni ahadi.

Pumzika, Mwalimu. Ungeniambia tu, ningekusaidia kuwaambia.

Mwanafunzi wako,
Spesi