Kuku wa Kosele

Jumatatu, 3 Februari

Mazoezi saa kumi. Wamefika tisa. Mbio za uwanja mara kumi na mbili, Atieno wa mwisho mara zote kumi na mbili. Goti la kulia limefungwa bendeji tena. Hakulalamika. Aliyeumia kutazama ni mimi.

Wavu wa kikapu cha upande wa soko umechanika. Mpira ukipita huwezi kujua umeingia au umekosa. Tunabishana kila siku.

Mwenyekiti wa klabu alikuja na miwani yake ya jua. Msimu uliopita tulishika mkia, kwa hiyo timu ijengwe upya. Analitamka neno "upya" kama mtu anayetaka kubomoa choo. Majina kumi na mawili yaende ligi Ijumaa ya tarehe 21. Wakongwe walikuwa wanne. Wawili wamestaafu wenyewe, wa tatu amehamia Kisumu. Amebaki Atieno, nahodha, miaka thelathini na sita. Tulicheza naye miaka tisa kabla mimi sijashika filimbi.

Nilimwambia Mwenyekiti jungu kuu halikosi ukoko. Akasema ukoko husuguliwa kwa waya.

Jumatano, 5 Februari

Kaja msichana kutoka upande wa Ogwedhi. Boke. Miaka kumi na tisa, Mkuria, babake ni mchuuzi wa ng'ombe pale mnadani. Mikono mirefu mpaka magotini. Anaruka kama aliyekanyaga siafu. Nilimwona akirusha mpira mara tatu tu nikajua. Miaka yote hii nimemngoja mtu kama huyu.

Halafu tukaingia kwenye ulinzi na kila kitu kikaharibika.

Ulinzi wetu wote ni maneno matatu. Koracham, kushoto. Korachwich, kulia. Chien, nyuma. Atieno husimama chini ya kikapu, anaona uwanja mzima, anaita, wanne wanahama. Imekuwa hivyo tangu tukiwa wasichana. Leo ameita koracham, watatu wamehama, Boke amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Kagongwa bega, kaanguka.

"Kochi, mimi sisikii Kijaluo," aliniambia. "Nasikia tu kelele."

Miaka yote sijawahi kufikiria kwamba ulinzi wetu una kabila.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeamuru Kiswahili uwanjani. Kushoto, kulia, nyuma.

Atieno akaita "kusoto!" Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye pia alicheka. Mimi sikucheka. Nikikasirika, mimi pia natamka hivyo hivyo.

Dakika kumi baadaye kila mtu amerudi kwa Kijaluo. Miguu inapokimbia, ulimi unarudi kwao. Hilo hakuna amri ya kocha inayoweza kulizuia. Boke akaanguka tena.

Jumanne, 11 Februari

Atieno kavua raba nyekundu kwenye nywele zake, kamvisha Boke mkono wa kushoto.

"Nyathina, mwanangu, hii ndio koracham. Ukinisikia, fuata hii."

"Na ule mwingine?"

"Ule hauna kitu. Korachwich ni mahali hakuna kitu."

Kisha akamtania kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Boke akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Jioni tulicheza na wavulana wa shule ya jirani. Tukawafunga. Boke alihama kushoto kabla neno halijaisha mdomoni mwa Atieno. Nilimtoa Atieno dakika tano makusudi, nione. Wavulana walipita kama wanaenda kuteka maji. Nikamrudisha. Pakafungwa tena.

Kwa hiyo najua ninachohitaji. Mguu wa Boke na mdomo wa Atieno. Kimoja bila kingine ni bure. Nimefurahi, halafu nikaogopa.

Alhamisi, 13 Februari

Ofisini kwa Mwenyekiti. Nimemweleza yote, hata raba. Amesikiliza huku akisoma simu. Uamuzi umepita: hakuna wa zaidi ya miaka ishirini na sita. Kamati imekubaliana. Niliuliza kamati ipi, mbona mimi ni mwanakamati. Akasema ile iliyokutana.

"Wewe ndio rafiki yake. Wewe ndio utamwambia, polepole."

Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Nilipaswa kuinuka na kutoka. Lakini nikitoka mimi ataletwa kijana wake wa Nairobi awe kocha, na wasichana wote watabaki mikononi mwa huyo. Hivyo ndivyo ninavyojidanganya.

Atieno aliniomba kitu kimoja Januari. Msimu mmoja tu. Alisema alianza mpira akiwa na miaka kumi na saba na hataki kuondoka timu ikiwa mkia. Akiondoka tukiwa hata wa tano, atawapikia majirani.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada nimeenda Kosele, kwa Atieno, nikiwa na maneno tayari. Niliyakariri njia nzima. Atieno, mimi na wewe tumetoka mbali. Atieno, uamuzi si wangu. Atieno, kuna kazi ya kuwafundisha wadogo. Hiyo ya mwisho ni uongo, hakuna kazi kama hiyo.

Aliniona tangu barabarani. Akapiga kelele, "Nyar Kisegi!" Yeye pekee ndiye huniita hivyo, binti wa Kisegi, kule nilikozaliwa. Watoto wakaja mbio kunipokea mkoba. Mumewe akaacha kupalilia, akanawa, akavaa shati.

Mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Hata mimi nimelelewa hivyo. Nikakaa. Nikasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba. Nikasema mwenyewe kimoyomoyo, sema sasa, kabla hajashikwa. Nikasikia ameshikwa.

Tulikula. Ugali, kuku, mrenda. Akaniwekea sehemu nzuri ya nyama, akaniongeza bila kuuliza. Bintiye mkubwa alisimama na jagi la maji, akaniuliza kama ni kweli kuna msichana anayeruka kuliko mamake. Mume akasema msimu huu atakuja kutazama kila mechi ya nyumbani, amewaambia hata watu wa kanisa. Atieno alinitazama nikila.

Baada ya hapo nilikuwa na nafasi. Tulibaki wawili, tukinywa chai kwa viazi vitamu. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikasifu viazi. Mara ya pili nikauliza juu ya goti.

Akanisindikiza mpaka barabarani na kuku mwingine kwapani, hai. Jike la rangi ya majivu. Nikasema hapana, akasema hakuna mtu anatoka kwake mikono mitupu. Nikambeba.

Sasa kuku yuko jikoni, kafungwa kamba kwenye mguu wa meza. Ananitazama kwa jicho moja. Mimi ni mwoga. Nimeliandika.

Jumatatu, 17 Februari

Hali ni mbaya kuliko nilivyofikiri. Atieno alifika mazoezini wa kwanza, akiimba. Amewaambia wote kwamba Kocha alikuja kwake, akala, akashiba. Wasichana wakampigia makofi.

Bila shaka wangepiga. Huku kwetu mtu hali kwako halafu akakufukuza. Nilikwenda kumwondoa, nikamthibitisha. Kwa mdomo uliojaa.

Boke aliniuliza, "Kwa hivyo Mama anabaki?" Wadogo wote wanamwita Mama. Nilipuliza filimbi.

Jumanne, 18 Februari

Nilijaribu kabla ya mazoezi. Alikuwa anamfundisha Boke kuita mwenyewe. Boke anasema "koracamu". Atieno alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Ningemwambiaje?

Nilijaribu baada ya mazoezi. Mumewe alikuwa amekuja kumchukua na pikipiki.

Alhamisi, 20 Februari

Mwenyekiti amepiga simu. Umemwambia? Nikasema karibu. Akasema karibu ni neno la kumkaribisha mgeni.

Nimeandika orodha mara nne. Kila mara linatokea jina la Atieno, nayahesabu, yako kumi na matatu. Nimemwondoa mchezaji wa akiba, yule mdogo asiyejua hata kudunda, nikamrudisha Atieno. Kisha nikakumbuka kwamba hata nikiandika, kalamu ya mwisho si yangu. Nikaandika ujumbe kwenye simu. Nikaufuta. Mambo kama hayo hayaambiwi kwa simu, nikajiambia. Kumbe ndiyo dawa ya mwoga, heshima.

Ijumaa, 21 Februari

Mwenyekiti alikuja mwenyewe. Alisimama katikati ya uwanja, karatasi mkononi, akasoma majina kama mwalimu wa zamu. Atieno alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. La kwanza Boke. Wakashangilia. Likasomwa la pili, la tatu. Likafika la kumi na mbili. Mwenyekiti akakunja karatasi.

Atieno aliendelea kuinama. Alingoja. Nadhani alingoja la kumi na tatu.

Kisha akaanza kufungua zile kamba. Polepole, kiatu kimoja, halafu kingine. Boke alivua raba nyekundu, akamwendea. Atieno akamrudishia mkononi, akamfumbata vidole.

Alipita mbele yangu pekupeku, viatu mkononi. Nilisema "Atieno." Nikaishiwa hapo.

Jumamosi, 22 Februari

Simu yake inaita tu.

Kuku ametaga. Ndani ya mfuko wa jezi za mazoezi. Nilikaa chini nikalitazama yai lile mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 1 Machi

Mechi ya kwanza, Migori, ugenini. Niandike upesi nimalize.

Robo ya kwanza Boke alifunga pointi kumi na moja. Watu walisimama kumshangilia, wa kwetu na wa kwao. Babake alikuja kutoka Ogwedhi na fimbo yake ya mnadani, akawa anaipiga chini kila bintiye akifunga. Mwenyekiti alinigeukia, akatabasamu. Kwa dakika hizo nikamchukia zaidi kwa sababu nilidhani yuko sahihi.

Robo ya pili wapinzani wakaona hakuna mtu anayeita. Basi. Walipita kushoto, wakapita kulia. Wasichana wangu walikuwa wanatazama chini ya kikapu, wanangoja sauti. Palikuwa na msichana wa miaka ishirini na moja pale, mzuri, mwenye nguvu, kimya kabisa. Nilimwambia aite. Akaita mara moja, akachelewa, akaona haya.

Nikaanza kuita mwenyewe kutoka pembeni. Koracham! Lakini mimi nimesimama nje ya uwanja, koracham yangu si koracham yao. Waligongana watatu. Uwanja mzima ulicheka. Refa akaniambia nikae.

Nilikaa. Nikatazama. Hakukuwa na kingine cha kufanya. Boke alijaribu kuita, "koracamu, koracamu," akiwa anakimbia, akiwa anaruka, anatazama mkono wake wenye raba. Huwezi kuwa macho na miguu kwa wakati mmoja. Robo ya mwisho alikuwa analia na kucheza. Tulifungwa kwa pointi ishirini na sita.

Mwenyekiti amesema ujenzi huchukua muda. Babake Boke alikuja kunisalimia. Aliniuliza kwa heshima, "Mwalimu, hawa ndama wako, mbona hawana ng'ombe mkubwa wa kuwaongoza?" Nilimjibu kwamba tulikuwa naye.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimemwomba Mwenyekiti kwa maandishi amrudishe Atieno hata kama msaidizi tu, akae benchi, aite. Jibu limekuja kabla sijafika nyumbani. Orodha imefungwa. Benchi nalo lina idadi yake. Nimesoma mara mbili nikitafuta mlango. Hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi Kosele. Sikukariri kitu.

Alikuwa anaanua mahindi uani. Aliniona tangu barabarani, kama siku ile. Hakupiga kelele. Watoto hawakuja kunipokea mkoba. Nilipofika mlangoni aliniuliza, kabla sijakaa, kabla ya maji ya kunawa, "Kocha, nini imekuleta?"

Sijawahi kuulizwa hivyo kwa mtu ninayemjua. Nikasema nikiwa nimesimama. Kwamba ile Jumapili nilikuja kumwambia ameachwa. Kwamba nilijua tangu Alhamisi. Kwamba nilikula nikijua.

Aliendelea kuanua. Kisha akasema, bila hasira, "Nilijua. Nilikuona tu hapo barabarani, vile ulikuwa unatembea. Ndio maana nilichinja haraka. Nilisema huyu akikula kwangu, hataweza. Na yule mwingine nikakupea ubebe, usisahau njiani."

Nikachukua karai nikamsaidia kuanua. Tulifanya kazi mpaka mahindi yakaisha uani. Goti lilikuwa linamuuma, alikuwa anaegemea mguu wa kushoto. Akauliza Boke anaendeleaje. Nikamwambia bado anavaa raba. Hakuniita Nyar Kisegi hata mara moja.

Nilipoaga akaniuliza kama yule kuku anataga. Nikasema anataga, mayai yamefika tisa, nimeyaweka tu, sijala hata moja.

Akasema nile.