Niliwafumania Wanakula Pilau, Hawajui Nilichofuata

Anti Teodora, shikamoo. Naomba usinicheke na naomba jina langu lisitoke gazetini, maana mimi ni mtu wa aibu, darasani nikiulizwa swali najibu kwa sauti ambayo hata wa dawati langu haisikii, lakini hili nisipolisema kwa mtu nitapasuka. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, tunaishi Mwanza kwenye zile nyumba za juu ya mawe, na majina yote humu nimeyabadilisha.

Mwezi wa pili nilianguka paredi, nikapelekwa hospitali, ikaonekana nina kisukari, kile cha kuchoma sindano kila siku, na tulipokuwa kwenye korido daktari akitueleza nile nini na kiasi gani, mama yangu aliinamisha kichwa, akakiinua, halafu akaapa mbele ya daktari na mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi, akasema, "Wallahi, jikoni kwangu hakitapikwa chakula ambacho mwanangu hawezi kula."

Na kweli, Anti, kuanzia siku ile ni kama nyumba nzima tuliugua. Ugali wa dona wa ukubwa wa ngumi yangu, mchicha, maharage, sato wa kuchemsha, chai bila sukari, hata Bibi Mwanvua aliyekuwa anaweka vijiko vitano akawa anainywa hivyohivyo huku amefumba macho kama mtu anayemeza dawa. Baba ni fundi cherehani, ana maneno machache, lakini alikuwa anapiga funda anasema, "Mbona tamu tu." Suhaib mdogo wangu, ana miaka tisa, akawa anatunisha mkono anasema, "Dada, dona linaleta misuli." Usiku nilikuwa nalia chini ya shuka kwa kuona ninavyopendwa.

Sasa aibu yangu ndiyo hii, nilikuwa nawadanganya wote.

Jumamosi huwa naenda tuisheni mpaka saa nane, na tangu mwezi wa nne nikitoka huko sikuwa naenda nyumbani moja kwa moja, nilikuwa napitia mlango wa nyuma kwa kina Suzana. Suzana ni rafiki yangu, nyumba yao iko nyuma ya jiwe kubwa, ngazi kumi na mbili za kupanda kutoka mlangoni kwetu, na alikuwa ananiwekea sahani ya pilau iliyofunikwa na sahani nyingine, nyama mbili, kiazi kimoja, na mimi nakula nimesimama nyuma ya simtanki la maji, haraka haraka, nalamba mpaka vidole. Nilidhani ni chakula cha kwao. Siku moja nilimwambia, "Suzana, mama yako anapika kama mama yangu kabisa," akaangalia pembeni, mimi nikaona ni aibu ya kusifiwa.

Jioni nikijipima mashine inasema kumi na saba, kumi na tisa, na mimi kwenye daftari la kliniki naandika saba, namba wanayoitaka wao. Nimeandika saba nyingi, Anti, mpaka mwezi wa sita nesi alinisimamisha mbele ya wagonjwa wengine akasema huyu binti ni mfano, nikapigiwa makofi, na mama akajifuta machozi na ncha ya mtandio.

Jumamosi moja mwalimu wa tuisheni alifiwa, tukaruhusiwa mapema, nikaona afadhali niwahi kwa Suzana, pengine pilau itakuwa bado ya moto. Nilifika saa sita na nusu, nikasukuma mlango wa nyuma bila hodi kama nilivyozoea.

Walikuwepo wote. Sisemi kina Suzana, nasema wa kwetu! Baba, Mama, Bibi na Suhaib wamekaa mkekani wamezunguka sinia la pilau, kachumbari pembeni, ndizi mbivu, na soda ya Suhaib imefika nusu. Mkono wa baba ulikuwa na mfupa, akauficha nyuma ya mgongo kama mtoto. Mama alikuwa amepakata sufuria, na sufuria lenyewe ni letu, lile lililobaki na mshikio mmoja, ambalo alituambia ameliazimisha kwenye harusi Sengerema. Begi liliniponyoka. Hakuna aliyetafuna.

Suhaib ndiye wa kwanza kusema. "Dada, siyo nyumbani kwetu hapa! Mama aliapa jiko letu, hili ni jiko la Mama Suzana!"

"Nyamaza wewe," mama akamwambia.

Hapo ndipo nilipopiga kelele, mimi ambaye sijawahi kumjibu mkubwa. Nikasema, "Kumbe nyie! Mnanichekea nyumbani halafu mnakuja kula huku! Kumbe ni mimi peke yangu mgonjwa!" Na nilishtuka kweli, Anti, lakini huku napiga kelele macho yangu yalikuwa yameshaiona ile sahani iliyofunikwa juu ya kabati, na kichwani nikaelewa kwamba kila nilichokula kwa kujificha tangu mwezi wa nne kilipikwa na mama yangu, naye kwa kujificha, kwenye sufuria hilohilo.

Bibi naye akaiona. "Na ile iliyofunikwa ya nani?"

"Ya Ngosha, bibi," Suzana akajibu bila hata kupepesa. Ngosha ni kaka yake, yuko Bujora kwa mjomba wao tangu Pasaka, na hakuna aliyekumbuka.

Baadaye nilimkamata Suzana nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningesemaje? Mama yako kaniambia nisikwambie, na wewe umeniambia nisimwambie. Mimi nimetunza za wote."

Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilikuja mlango ule. Hata mmoja. Wote waliona aibu yao, yangu haikuonekana. Mama alilia mpaka jioni, hata sufuria hakulirudisha nyumbani, akasema amemfanyia Mungu hila kwa jiko la jirani, na akaweka nadhiri kwamba atafunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka hospitali waseme sukari yangu iko sawa. Mama ana vidonda vya tumbo, Anti, aliwahi kulazwa. Alhamisi iliyopita nilimkuta ameshika ukuta wa jikoni, amekunja uso, akaniambia, "Si kitu, mama, nenda kasome." Baba amenishonea sketi mpya ya shule bila kuombwa na haniangalii machoni. Bibi ameniambia, "Nisamehe mjukuu wangu, njaa ya uzeeni mbaya." Na mimi nimenuna, nimejifanya nimekosewa, ninapokea sketi, ninapokea misamaha, na juzi nikitoka shule nimenunua maandazi mawili nikayala njiani.

Tarehe kumi na nne narudi kliniki kutolewa damu ya kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Mwalimu wa Baiolojia alitupa swali la insulini, nikajibu kwa Kiingereza kurasa mbili, nikapata maksi zote, lakini nyumbani natakiwa kusema maneno mawili tu ya Kiswahili, "nilikula pia", na siyawezi. Nimefikiria niache kimyakimya, nile vizuri kuanzia leo, sukari ishuke yenyewe, mama aache kufunga, na asijue mtu. Je, nikifanya hivyo ni vibaya? Nisaidie, Anti, naogopa.

Mimi, Binti wa Juu ya Mawe, Mwanza.

ANTI TEODORA ANAJIBU

Marahaba, binti. Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama.

Unadhani nimeshtushwa na pilau? Familia yenye njaa kula pilau ni habari gani? Kilichonisimamisha ni hizo saba zako. Binti, unajua ulichofanya? Daktari anapanga dozi yako ya sindano kwa kuangalia lile daftari. Ungeandika kumi na tisa, wangekaa chini na wewe, wangebadilisha, wangekufundisha upya. Umeandika saba, wamekupigia makofi, wamekurudisha nyumbani na dozi ya mgonjwa anayekula vizuri ambaye hayupo. Ukisikia kiu isiyokatika, unakwenda haja ndogo kila saa, unatapika au unahema kwa nguvu, usisubiri tarehe kumi na nne wala ruhusa ya mtu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nakuonea huruma, nisikufiche. Kuwa na miaka kumi na sita na kuchomwa sindano kila siku huku wenzako wanakula chipsi ni kazi kubwa. Kutamani si kosa lako. Na watu wa kwenu wanakupenda kiasi kwamba wamejitesa na dona miezi mizima, kisha wakaenda kuiba chakula chao wenyewe. Walikosea kuficha, sawa. Lakini wewe uliyewapigia kelele ulikuwa umefuata sahani yako! Mmehurumiana hadi mkaanza kukimbiana.

Na huo mpango wako wa kunyamaza, utupe. Damu watakayokutoa tarehe kumi na nne inazikumbuka Jumamosi zote, na sehemu kubwa ya makosa utakayokuwa umeyaacha leo bado itaonekana humo. Majibu yatakuwa mabaya, mama ataona ni dhambi yake, ataendelea kufunga. Miezi mitatu mingine ya Jumatatu na Alhamisi, tumbo lenye vidonda, ameshika ukuta, anakwambia kasome. Utaweza kukaa mezani na hilo? Mimi nisingeweza. Na huyo Suzana mwache apumzike, mmemgeuza kabati la siri za nyumba nzima.

Sikutumi ukahutubie familia. Wewe ni mwenye aibu, ukisubiri ujasiri wa kuhutubia utazeeka. Fanya hivi, na ufanye leo, isipite leo. Panda kwa Mama Suzana, omba sufuria lenu. Weka ndani yake daftari lako la kliniki na ile mashine. Nyingi za mashine hizo hutunza vipimo vya nyuma, namba zako za kweli huenda zimo mle na zinangoja mtu azisome. Shuka hizo ngazi kumi na mbili, pita mlango wa mbele, nenda jikoni, mwekee mama mbele yake. Atakuuliza, "Ulifuata nini kule?" Hapo maneno yako mawili yatakuwa rahisi, kwa sababu swali limeshaulizwa na huna pa kujificha. Sema, "Nilikula pia." Atalia, au atakufokea, au vyote. Usikimbie. Akimaliza, mwombe asifunge tena. Habari ya nadhiri yake akamuulize shehe wenu, habari ya tumbo lake akamwone daktari, siyo mimi wala wewe.

Kisha nendeni kliniki wote wawili, msingoje tarehe, mkaseme ukweli na mkaulize vizuri kuhusu wali. Wengi wakisikia "kiasi" husikia "marufuku". Muulizeni nesi kiasi chako ni kipi na sindano yake inakwendaje, awaonyeshe kwa kikombe au kwa mkono. Halafu pilau irudi kupikwa kwenu, mlango wazi, Bibi apate sukari yake, Suhaib ashibe, na wewe upakuliwe kipimo chako mbele ya watu. Utatamani cha ziada. Jumamosi ya kwanza utatamani mpaka uwachukie. Basi sema, hapohapo mkekani, kwa sauti ambayo baba anaisikia, "Natamani." Wakukatie tango, wabadilishe mazungumzo, mtu akutoe nje mpige hatua mbili tatu. Wamekula dona miezi yote hiyo kwa ajili yako, hawatashindwa na hilo.

Na mkimaliza kula, sufuria utalisugua wewe.